Chuma cha Silaha Kiwe Benchi la Mtaa: Mwongozo kwa Mafundi wa Unguja na Pemba

Kazi hii ina sharti moja lisilojadiliwa: fundi anaanza pale mwanajeshi alipomaliza. Ukikuta kombora, ganda la mzinga au chuma usichokijua, baharini au shambani, usikiguse, usikigonge, usikichome. Weka alama kwa mbali, zuia watoto, mwambie sheha naye awaite Polisi au jeshi. Kutu si dalili kwamba bomu limekufa. Baruti ya zamani huweza kubaki na ukali wake, na kiwashio kilicholiwa na chumvi hakitabiriki kabisa. Mabaki ya vita vya Waingereza na Zanzibar vya 27 Agosti 1896, au ya manowari ya Kiingereza Pegasus iliyopigwa na manowari ya Kijerumani Königsberg bandarini Unguja Septemba 1914, ni mali ya kale pia, hayang'olewi.

Msumbiji walifuata njia hiyo. Kuanzia 1995 Baraza la Kikristo lilikusanya silaha, wenye nazo wakapewa baiskeli, cherehani na zana za kilimo, kisha silaha zikaharibiwa ndipo wasanii wakazipata. Kiti cha vipande vya bunduki alichounda msanii Cristóvão Canhavato mwaka 2001 kiko Makumbusho ya Uingereza, London. Nasi tupokee vipande vilivyokwisha kukatwa tu, na karatasi ya kuthibitisha havina baruti. Vikikosekana, nanga kuukuu, minyororo na nondo zitafaa.

Kabla ya kukata chochote, kaeni na wazee, kina mama na vijana wa mtaa mchague pa kuliweka. Benchi lililowekwa bila kuulizana hubaki tupu.

Vipimo: urefu sm 150, kimo cha kalio sm 45, upana wake sm 40. Fremu ni paipu mraba ya mm 40, unene mm 3. Kalio ni mbao za mtiki. Vipande vya silaha viwe mgongoni na ubavuni, vikisuguliwa ncha zote, maana watoto watapanda.

Chuma cha pwani kwanza kilowekwe kwenye maji baridi siku mbili, maji yakibadilishwa, ndipo kipigwe brashi ya waya na kuanikwa. Ukipaka rangi juu ya chumvi, malengelenge yatatoka kabla ya mwaka. Chenye zinki kisugue kwa grenda kwanza, ufanye kazi nje huku upepo ukiupeleka moshi mbali nawe: moshi mweupe wa zinki huleta homa usiku.

Tumia vijiti vya kuchomelea vya mm 2.5, ampea 70 hadi 90. Shika kwanza kwa vidoti pande zote nne, pima pembe kwa skwea, ndipo umalize kwa kuruka upande huu na ule. Ukichomelea upande mmoja mfululizo, joto linavuta fremu na benchi litayumba. Shaba ya manjano haishikani na vijiti hivyo. Itobolewe, ifungwe kwa bolti. Kila paipu toboa tundu la mm 8 chini, hewa na maji vitoke.

Praima ya kuzuia kutu mara mbili, ya kwanza siku ile ile ya kusugua, kwani hewa yetu huleta kutu usiku mmoja; kisha rangi ya mafuta mara mbili. Zege la msingi lichanganywe 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), bila mchanga wa pwani. Miguu isizikwe, ikae juu ya sahani ya chuma sm 5 kutoka ardhini. Kila baada ya masika mtu mmoja aliyechaguliwa na mtaa apitie mikwaruzo kwa msasa na kopo la praima.