Jinsi ya kuanzisha timu ya softiboli ya wasichana hapa Texas (anza na kocha mkuu)

Wazazi wenzangu mlioko huku Dallas na Fort Worth, naulizwa sana vile mtu anaweza kuanzisha timu yake badala ya kila mwaka kupeleka binti kwenye majaribio ya watu wengine, sasa wacha niandike yote hapa. Naongelea softiboli ya mashindano, zile timu za kusafiri wikendi, sio ligi ya mtaa ambapo kila mtoto akijiandikisha anacheza. Mimi ni meneja wa timu ya chini ya miaka 12 kwa hivyo mengi nitakayosema ni ya umri huo. Na kama ulicheza raunda shule ya msingi kule Kenya usiogope, kupiga mpira na kukimbia besi unajua tayari, mengine utajifunza ukikaa pale kando ya uwanja.

HATUA YA 1: Chagua umri mmoja tu

Usianze na timu mbili. Vipimo vinabadilika na umri na hilo linaathiri kila kitu: chini ya miaka 10 mpira una mzunguko wa inchi 11 na mrushaji anarusha kutoka futi 35, chini ya 12 mpira unakuwa wa inchi 12 na umbali futi 40, chini ya 14 unaenda futi 43, na hapo ndipo utaona mtoto aliyekuwa moto mwaka jana mpira wake haufiki. Kutoka besi moja hadi nyingine ni futi 60. Kocha mzuri wa watoto wa miaka 9 sio lazima awe mzuri kwa wa miaka 13, ndio maana umri unachaguliwa kwanza.

HATUA YA 2: Tafuta kocha mkuu KABLA ya wasichana

Hapa ndio nataka mnisikize vizuri. Watu wengi wanakusanya watoto kwanza, wanashona jezi, wanafungua grupu la WhatsApp, halafu wanauliza nani atafundisha, na baba mmoja mwenye sauti kubwa anajitolea. Timu inakuwa ya binti yake. Huyo binti ndiye anarusha kila mechi, wazazi wanaanza kunong'ona kwenye maegesho na kabla ya Krismasi nusu wameondoka. Mimi nasema kama unaweza kabisa, kocha mkuu asiwe na mtoto kwenye timu, na kama lazima awe mzazi basi mwandike msaidizi asiye na mtoto na huyo ndiye apange nani anacheza wapi.

Wa kutafuta wako wapi? Wasichana waliomaliza kucheza chuoni juzi juzi, Texas ina vyuo vingi vyenye softiboli na wengi wao wanapenda kufundisha ila hakuna aliyewauliza. Walimu wa kurusha wanaofundisha mtoto mmoja mmoja kwenye zile kumbi za ndani, wao wanajua kila mtu. Makocha wasaidizi wa klabu kubwa ambao wamekaa namba mbili muda mrefu. Na waamuzi, jamani ongeeni na waamuzi! Mwamuzi amesimama nyuma ya mdakaji mwaka mzima, anasikia kila neno kocha analowaambia watoto, ukimuuliza baada ya mechi ni kocha gani angempa binti yake atakutajia bila kufikiria.

HATUA YA 3: Mpe mazoezi ya majaribio, usimuajiri kwa maneno

Vikombe alivyoshinda visikutishe, pengine alikuwa na mrushaji mmoja hatari. Mwambie akuandikie mpango wa mazoezi ya saa 2, halafu aje aufanye na watoto kama 10 wewe ukiwa umekaa kando kimya. Angalia kila mtoto anagusa mpira mara ngapi. Kama mmoja anapiga na wengine 9 wamesimama wanachezea nyasi, huyo sio. Anayejua kazi atawagawa: warushaji na wadakaji kona moja, wengine wanapokea mipira ya chini, wengine wanapiga mpira uliowekwa juu ya kigingi, na baada ya dakika kumi na kitu wanabadilishana.

Halafu ngoja mtoto akose mpira, mana lazima atakosa. Mpira umepita katikati ya miguu, amegeuka kumwangalia kocha. Kuna kocha atapiga kelele, kuna mwingine atasema "haya si kitu" aendelee, na kuna yule atamwambia shusha makalio, glavu iguse vumbi kabla mpira haujafika, halafu anampigia mpira mwingine hapo hapo bila kungoja na akiudaka anamwita jina lake. Huyo wa tatu mshike usimwachilie.

HATUA YA 4: Usalama, hapa hakuna kujuana

Hata kama ni mtu wa kanisani kwenu. USA Softball, chama kinachosimamia softiboli Marekani, inataka kocha akaguliwe rekodi ya uhalifu na asome mafunzo ya SafeSport (ya kuzuia unyanyasaji michezoni), na tangu sheria ya 2018 mtu mzima wa timu kama hizi akishuku mtoto ananyanyaswa anatakiwa aripoti ndani ya saa 24. Kwetu ni lazima kwa kila mtu mzima anayeingia kwenye benchi, na kocha hakai na mtoto peke yao mahali pasipoonekana, hata kumrudisha nyumbani na gari hapana. Na radi ikinguruma mnatoka uwanjani, mnahesabu dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, ikinguruma tena mnaanza upya.

HATUA YA 5: Karatasi na pesa

Namba ya EIN (namba ya kodi ya shirika) kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ni bure, usilipe mtu wa mtandaoni akutafutie. Kusajili shirika lisilo la faida kwa Katibu wa Jimbo la Texas ni fomu 202, dola 25. Mkitaka msamaha wa kodi wa 501(c)(3) kuna fomu fupi ya 1023-EZ kwa dola 275. Akaunti ya benki iwe ya timu, sahihi za watu wawili, na bima muikate mapema mana viwanja vingi vinaitisha cheti.

Bajeti, mfano tu: mashindano 8 kwa dola 500 ni 4,000, bima 300, mipira na vifaa vya mdakaji 1,200, ukumbi wa ndani wakati wa baridi 1,500, jezi 1,800, nauli na hoteli ya kocha 1,200. Jumla 10,000. Una watoto 12 lakini gawa kwa 10, kila mzazi alipe 1,000 kidogo kidogo kwa miezi, kwa sababu kuna atakayehama na kuna atakayefutwa kazi na hutaki kumtoa mtoto wake. Ikibaki mnarudishiana.

HATUA YA 6: Mkataba wa ukurasa mmoja

Malipo ya kocha, siku za mazoezi, na sentensi moja inayosema kocha ndiye anaamua nafasi, sio meneja wala anayelipa zaidi. Mzazi mwenye lalamiko angoje saa 24 baada ya mechi. Na lile la Jumapili liongeleeni mapema: Jumamosi ni mechi za makundi, Jumapili ni za mtoano, na familia zetu nyingi ziko ibadani. Kila mzazi aandike kabisa kama mtoto wake atakuwepo ama la, kocha apange kwa kujua.

HATUA YA 7: Majaribio na mechi za kwanza

Timu nyingi huku zinachagua Agosti, kwa hivyo kocha awe amepatikana kufikia Juni. Chukua 11 au 12, wadakaji wawili, warushaji watatu. Watu wanasema kurusha kwa chini hakuchoshi bega, sio kweli, wikendi moja inaweza kuwa na mechi tano ama sita. Ingieni daraja C, la chini, kwanza, kocha aone, ndio muamue kama mtapanda B. Na huyo mrushaji wa tatu mpe innings zake (vipindi vya kurusha) Jumamosi asubuhi hata kama mnaongoza kidogo tu, kwa sababu Jumapili saa nane mchana kwa jua la Julai yeye ndiye mtakuwa mmebaki naye.