Kubuni Kiwanda cha Fremu za Chuma Malindi: Anza na Chumvi

Mteja akija na kiwanja Malindi, kwanza humwuliza kiko umbali gani na bahari. Chumvi inayokuja na upepo wa Kusi ndiyo itakayoamua jengo litadumu miaka mingapi. Hapa tuchukue kiwanda cha kusindika maembe, upana mita 24, urefu mita 60.

Hatua ya 1: Ijue kazi ya ndani. Mashine zitakaa wapi? Trela itaingilia mlango gani? Kuna kreni ya juu? Uliza sasa, kwa sababu kreni ikiamuliwa baadaye, nguzo na misingi yote inapigiwa hesabu upya. Kwa mita 24, fremu isiyo na nguzo za katikati inatosha vizuri. Fremu ziachanishe mita 6: vyuma vya kulalia mabati vikija na urefu wa mita 12, kimoja kinavuka nafasi mbili bila mabaki.

Hatua ya 2: Lielekeze jengo. Malindi iko nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana hupita karibu na utosi, na kuta hupigwa zaidi asubuhi na jioni. Upande mrefu utazame kaskazini na kusini. Acha matundu ya hewa chini ya kuta na njia ya kutokea kileleni mwa paa. Ni kweli, hewa hiyo huingia na chumvi. Nakubali gharama hiyo, kwani sitaki watu washinde chini ya mabati yenye moto bila hewa.

Hatua ya 3: Fikiria upepo unaoinua. Paa la mabati ni jepesi. Mlango mkubwa ukiwa wazi, upepo huingia na kulisukuma paa kutoka ndani, na huku nje unalivuta. Piga hesabu ya hali hiyo, mlango wazi, na uhakikishe uzito wa msingi unaishikilia nguzo ising'oke. Kingo na pembe za paa huvutwa zaidi, kwa hiyo ziongezee skrubu.

Hatua ya 4: Inyime kutu mahali pa kukaa. Hapa usiwe na haraka. Wengi hudhani sehemu inayonyeshewa ndiyo huoza mapema. Kando ya bahari mara nyingi ni kinyume: mvua huosha chumvi, lakini chini ya upenu na nyuma ya nguzo chumvi hubaki ikivuta unyevu wa hewa. Sehemu hizo zipe kinga ileile ya nje, au zaidi.

Tazama kitako cha nguzo. Kikiwa usawa wa sakafu, kila maji ya kuoshea maembe yatasimama hapo. Kiinue juu ya kizingiti cha zege cha milimita 150 au 200, chenye mteremko pande zote. Usifunge vyuma viwili vya pembe mgongo kwa mgongo: brashi haifiki katikati, na kutu ikivimba humo huvitanua hadi bolti zikazidiwa. Kuchomelea kuwe kwa mfululizo, si vipande vipande. Chuma chenye umbo la bakuli kielekeze mdomo chini, au ukitoboe maji yatoke.

Kisha kinga yenyewe. Chovya vyuma katika zinki ya moto. Kiwango cha kimataifa cha ISO 1461 kinataka unene wa zinki wa wastani usiopungua mikroni 85 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) kwa chuma kinene kuliko milimita 6. Juu yake paka rangi ya epoksi. Mashimo yote yatobolewe kabla ya kuchovya.

Hatua ya 5: Acha nafasi ya kutanuka. Tofauti ya nyuzi 30 za joto hurefusha chuma cha mita 60 kwa milimita 22 hivi. Vyuma vya mshazari vya kukaza jengo viweke karibu na katikati ya urefu, ncha zipate kusogea.

Hatua ya 6: Udongo na vibali. Chimba mashimo ya majaribio kabla ya kuchora msingi. Mchanga na mwamba wa matumbawe havibebi mzigo sawasawa. Michoro ipitishwe na Kaunti ya Kilifi, mradi uandikishwe NCA, mamlaka ya taifa ya ujenzi, na mambo ya mazingira yamalizwe na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira.

Hatua ya 7: Kusimamisha. Anza na fremu mbili zenye vyuma vya mshazari, zikaze kabisa, ndipo uunganishe nyingine. Palipokatwa au kukwaruzwa, safisha na upake rangi ya zinki siku hiyohiyo, kabla chumvi haijatua.