Kununua hisa DSE na kukaa nazo: hatua kwa hatua

Wageni wa soko la hisa huniuliza, "Hisa gani itapanda?" Nami huwauliza: siku ukiitaka hela yako, nani atakununulia hiyo hisa? Kampuni zilizoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) hazifiki 40, na baadhi yake hupita siku, hata wiki, bila hisa kuuzwa. Kwa hiyo ukinunua hapa, nunua kama mtu asiyetegemea kuuza. Hatua zote zinazofuata zinatokana na hilo.

Hatua ya 1: Tenga hela isiyo na kazi nyingine

Ada ya Januari, kodi ya nyumba na akiba ya kuugua hazinunui hisa. Ziweke benki au kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja kama wa Ukwasi wa UTT AMIS, ambako kuzitoa ni suala la siku chache. Mkopo wa simu au wa kikoba ulipe kwanza, maana gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wanahisa, halishindani na riba ile. Hela ya hisa iwe ile ambayo ikikaa miaka 5 bila kuguswa hakuna kitakachoharibika nyumbani.

Hatua ya 2: Fungua akaunti, na fomu usiijaze kwa haraka

Nenda kwa dalali wa hisa mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA), au jisajili kwa simu kupitia Hisa Kiganjani ya DSE. Uwe na namba ya NIDA. Utapewa namba ya CDS, yaani akaunti ya kielektroniki ya kuhifadhi hisa, na hisa zako zote zitasomeka humo.

Kwenye fomu tulia sehemu ya akaunti ya benki. Gawio linaingia pale ulipoandika. Ukihama benki au ukibadili laini bila kutoa taarifa, gawio lako linabaki huko halina mwenyewe. Halafu mwambie mwenzi wako au mtoto mkubwa kwamba una hisa, na namba ya CDS iandike mahali wanapopajua. Mwenye hisa akifariki, hisa huhamishwa kwa mirathi kupitia mahakama, na familia haiwezi kudai kitu isichojua kuwa kipo.

Hatua ya 3: Soma hesabu kabla ya kutazama bei

Hapa ndipo penye kazi. Chukua benki ya CRDB. Mwaka 2009 iliuza hisa kwa umma kwa shilingi 150. Mwaka 2015 ikaongeza mtaji kwa kuwauzia wanahisa hisa mpya kwa shilingi 350. Kufika 2019, bei sokoni ilikuwa imeshuka chini ya ile 150 ya mwanzo. Watu waliuza kwa hasira, na kwa kutazama bei peke yake ungewaelewa.

Sasa fuatilia gawio kwa kila hisa. Kwa hesabu za mwaka 2017 lilikuwa limeporomoka hadi shilingi 5. Mwaka 2018 likawa 8, 2019 likawa 17, 2020 likawa 22, 2021 likawa 36, kisha 45, 50, na kwa mwaka 2024 shilingi 65. Bei ilipokuwa chini kabisa, faida ilikuwa imeshaanza kurudi. Wala haikuwa siri: benki zinatakiwa kuchapisha hesabu zao kila robo mwaka, na magazeti tunayofungia maandazi yana kurasa nzima za hesabu hizo.

Kwa benki, mimi hutafuta mambo matatu. La kwanza ni faida kwa kila hisa, nikiilinganisha na ya miaka mitano iliyopita. La pili ni mikopo chechefu, ile isiyolipwa kwa wakati: Benki Kuu inataka isizidi asilimia 5 ya mikopo yote, na benki iliyo juu ya hapo na bado inapanda inanipa wasiwasi hata kama faida inaonekana nzuri. La tatu ni sehemu ya faida inayotolewa kama gawio. Gawio likizidi faida, kampuni inakula mtaji wake na kukuita mezani. Kwa kiwanda, ongeza ukurasa wa mtiririko wa fedha, yaani fedha halisi zilizoingia na kutoka. Faida ya kwenye makaratasi bila fedha kuingia ni deni ambalo wateja hawajalipa.

Hatua ya 4: Pima bei unayolipa

Kampuni nzuri inaweza kuwa ununuzi mbaya. Gawio la shilingi 65 likikatwa kodi ya zuio (inayokatwa kabla hujalipwa) ya asilimia 5 linabaki shilingi 61.75. Aliyenunua kwa 150 mwaka 2009 anapata zaidi ya asilimia 41 ya hela aliyotoa, kwa mwaka mmoja. Tuseme wewe unanunua hisa hiyohiyo kwa shilingi 1,000: unapata asilimia 6 na kidogo. Hatifungani ya serikali ya muda mrefu, yaani kuikopesha serikali kwa riba, huenda ikakupa zaidi, bila presha. Kwa hiyo uwe na sababu ya kuamini kwamba gawio litakua, na sababu hiyo iandike. Utaihitaji kwenye hatua ya mwisho.

Tahadhari hiyohiyo ichukue kwenye hisa zinazouzwa kwa umma kwa mara ya kwanza. Matangazo huwa mengi na watu hujaa. Hisa za benki ya NMB zilizouzwa kwa 600 mwaka 2008 zimewatajirisha waliokaa nazo. Za Vodacom Tanzania zilizouzwa kwa 850 mwaka 2017 zilishuka chini ya bei hiyo.

Hatua ya 5: Weka oda yenye kikomo

Mfano wa ubao, yaani orodha ya oda sokoni: wanunuzi wanatoa shilingi 640 kwa hisa, wauzaji wana hisa 300 kwa 660, na baada yao kuna anayeuza 2,000 kwa 700. Ukimwambia dalali "ninunulie 2,000 bei yoyote", utamaliza zile 300 na nyingine zote utazilipia 700. Mwambie "mwisho 660", oda ikae. Isipojaa leo, isubiri.

Bei isiyosogea nayo isikudanganye. Mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna anayenunua wala kuuza, si kwamba kampuni imetulia. Kampuni za Kenya zilizoorodheshwa pia DSE ni mfano mzuri: zipo ubaoni, biashara karibu hakuna.

Gharama za kununua ni karibu asilimia 2, na ukiuza unakatwa tena. Anayeingia na kutoka kila mwezi anamtajirisha dalali. Nafuu iliyopo ni kwamba mkazi mwenye chini ya asilimia 25 ya kampuni iliyoorodheshwa hatozwi kodi ya ongezeko la mtaji, yaani kodi ya faida ya kuuza hisa kwa bei iliyo juu ya ile uliyonunulia.

Hatua ya 6: Tawanya, kwa kadiri soko linavyoruhusu

Kuwa na NMB na CRDB ni kuwa na benki mbili. Zikitikisika hutikisika pamoja. Ongeza saruji ya Twiga, bia ya TBL au sigara za TCC. Wapo wasiotaka bia, sigara wala riba. Kwao uwanja ni mdogo: saruji, gesi za TOL, kampuni ya kwanza kuorodheshwa DSE, Aprili 1998, huduma za ndege za Swissport, na chache nyingine. Afadhali kampuni tatu unazozisoma kuliko kumi ulizozisikia kwenye kundi la WhatsApp.

Hatua ya 7: Fuata tarehe za gawio

Gawio anapewa aliyemo kwenye rejista ya wanahisa siku inapofungwa. Kununua haraka siku chache kabla si ujanja, kwani bei nayo hushuka baada ya hapo. Gawio likiingia, rudisha kwenye hisa iliyo na bei nzuri zaidi wakati huo, hata kama si ileile. Na mkutano mkuu uhudhurie, hata kwa mtandao. Wa CRDB kwa kawaida hufanyika Arusha, na mwanahisa mwenye hisa 100 ana haki ya kumuuliza mwenyekiti swali sawa na mwenye milioni.

Hatua ya 8: Kuuza

Rudi kwenye ile sababu uliyoiandika. Kama imekufa, mfano gawio limekatwa mara mbili mfululizo au mikopo chechefu inapanda kila robo, uza hata kwa hasara. Kama ipo na bei tu ndiyo imeshuka, acha. Ukiwa na hisa nyingi usizimwage zote siku moja. Bei utaiangusha mwenyewe. Zigawe kwa wiki kadhaa, kila oda na kikomo chake. Hela huingia siku chache za kazi baada ya mauzo kukamilika, lakini kumpata mnunuzi ndiko kunakochukua muda, kwa hiyo kama kuna tarehe ya malipo inayokusubiri, anza kuuza miezi kadhaa kabla.