Kutengeneza Mboji ya Taka za Bustani na Jikoni katika Kituo cha Manispaa
Kazi huanzia getini, kwa sababu mfuko mmoja wa plastiki ukishapita kwenye mashine ya kusaga matawi hugeuka vipande vingi ambavyo hakuna chekeche litakaloviondoa vyote. Kwa hiyo plastiki, vioo na vyuma viondolewe kwanza kwa mkono. Mabaki ya chakula yachanganywe na matawi yaliyosagwa siku hiyo hiyo yanapofika, kwani yakilala hunuka na kuita nzi. Uwiano unaofaa ni sehemu 25 hadi 30 za kaboni, iliyo nyingi kwenye matawi na majani makavu, kwa sehemu 1 ya nitrojeni, iliyo nyingi kwenye mabaki ya chakula.

Ili kupima unyevu, fumbata mchanganyiko mkononi na uukamue: ukitoka tone moja au mawili, unatosha, ukichuruzika, ongeza majani makavu.

Kisha mchanganyiko ulundikwe tuta nje; tuta hilo lidumu kwenye nyuzi 55 za Selsiasi au zaidi kwa siku 15, likigeuzwa angalau mara 5, ili vijidudu vya maradhi na mbegu za magugu vife. Kipimajoto kichomekwe katikati kabisa, kwa kuwa pembeni hudanganya. Kisha mboji iachwe ikomae kwa miezi kadhaa kabla ya kuchekechwa. Iliyoiva hunukia udongo uliolowa mvua.