Kuatamisha kuku nyumbani, hatua kwa hatua: kuanzia koo anayetaka kuatamia hadi vifaranga

Mashine ya kutotolesha ninayo, ipo stoo, imefunikwa gunia. Kwa familia yenye kuku kumi na kitu, sioni sababu ya kuitoa. Koo (kuku mama) akishaamua kuatamia hadai umeme, anageuza mayai mwenyewe, na baada ya vifaranga kutoka ndiye anayewalea. Mashine ikimaliza kazi yake, ya kwako ndiyo kwanza inaanza.

Makosa yanayokula mayai mengi hufanyika mara mbili: kabla koo hajakalia yai hata moja, na siku tatu za mwisho pale haraka yetu inapozidi. Kwa hiyo hatua hizi hazilingani kwa uzito, na sitajifanya zinalingana.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli anataka kuatamia

Kuku aliyekaa kiotani saa mbili huenda anataga tu. Anayetaka kuatamia amejitandaza kama chapati, manyoya yamemsimama, na ukimsogezea mkono anakoroma na kukudonoa. Akishuka kula anatembea amevimba, akilialia njia nzima, na kinyesi chake ni bonge moja kubwa lenye harufu ambayo hutaisahau. Kifuani manyoya yamempungua, ngozi yenye joto ipate kugusa mayai.

Kipimo changu ni cha usiku. Nenda bandani na tochi. Kama wenzake wote wako juu ya kichanja na yeye yuko kiotani, usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu, huyo ni koo. Muda huo mwachie mayai mawili ya bandia, au mawili usiyoyahitaji. Kuku wa kisasa wa mayai usiwategemee sana, kwani wamechaguliwa kizazi baada ya kizazi ili wasiache kutaga. Wengi hukalia kiota siku nne kisha wanasahau. Ukiwa na koo aliyewahi kulea vizuri, mpe yeye nafasi kwanza.

Hatua ya 2: Andaa kiota mbali na wengine

Sanduku la sentimita 35 hivi kila upande linatosha. Chini weka udongo kidogo, ukandamize ufanye bonde dogo kama sahani, juu yake nyasi kavu. Bonde hilo ndilo linalozuia yai kubingirika likapoa pembeni. Kiota kikae chini au karibu na chini, penye kivuli na giza kidogo, pasipofikika na panya wala paka.

Sasa utitiri. Kabla hajakaa, mkague koo chini ya mabawa na kuzunguka mkundu, kisha umpake dawa ya wadudu inayoruhusiwa kwa kuku, kwa kipimo kilichoandikwa. Nyunyiza majivu makavu chini ya nyasi. Niliwahi kuruka hatua hii. Siku ya 12 koo alisimama nje ya kiota, mayai yamepoa, akagoma kabisa kurudi. Nilimlaumu siku nzima. Jioni nikanyanyua nyasi ili nisafishe, mkono ukaanza kuwasha hadi kwenye kiwiko. Chini kulikuwa kunatembea. Utitiri hutoka usiku kunyonya damu, na kuku aliyekaa palepale wiki mbili ni karamu yao. Koo hakuwa na kosa.

Hatua ya 3: Chagua mayai

Yatoke kwa mitetea wanaoishi na jogoo; jogoo mmoja kwa kuku 8 hadi 10 anatosha. Chukua ya ukubwa wa kati, yenye umbo la kawaida, ganda zima. Yai lenye uchafu kidogo likwangue taratibu kwa kitambaa kikavu. Usilioshe, maana maji huondoa utando mwembamba unaozuia vijidudu kupenya ganda. Yasikae zaidi ya siku 7 tangu kutagwa, na muda huo yatunze mahali pa baridi ya wastani, si ndani ya friji, ncha iliyochongoka ikiangalia chini.

Mangapi? Koo wa kawaida anabeba 10 hadi 12. Mweke juu yake, kisha zunguka nyuma umtazame: ukiona yai limechungulia, punguza. Yai la pembeni halipoi peke yake, maana koo huyazungusha, na leo linapoa hili, kesho lile.

Kabla ya kuyaweka, kila yai lichorwe msalaba kwa penseli. Si kalamu ya wino. Kazi hii kwetu ni ya mtoto mdogo kabisa, naye huifanya kwa makini kuliko mimi. Sababu ya alama ni kwamba kuku wengine wakipata mwanya wataingia kutaga humo humo. Mwaka wetu wa kwanza hatukuweka alama, koo akawa na mayai 17 ya siku tofauti. Vifaranga watano wa kwanza walipotoka alishuka nao, akaacha mengine yakiwa na vifaranga hai ndani. Tulijua kwa sababu moja lilikuwa linalia.

Hatua ya 4: Mweke usiku

Mhamishe koo gizani, umkalishe juu ya mayai ya bandia katika kiota kipya, na umwachie siku nzima. Akitulia, usiku unaofuata badilisha: bandia toa, ya kweli weka yote kwa pamoja. Hesabu ni siku 21, yaani wiki tatu kamili, kwa hiyo siku ya juma uliyoweka ndiyo utakayotegemea vifaranga. Sisi huweka Ijumaa usiku. Wakitoka, watoto wapo nyumbani na hakuna anayekwenda shule kichwa kikiwa bandani.

Hatua ya 5: Chakula chake

Atashuka mara moja kwa siku, dakika 15 hadi 20, kula, kunywa, kujisaidia na kuoga vumbi. Mpe nafaka nzima na maji safi, hatua chache kutoka kiotani. Asiposhuka siku mbili, mnyanyue. Ila pitisha mkono kwanza chini ya kila bawa, maana hupenda kubana yai kwapani. Ukimbeba ghafla linadondoka juu ya wenzake. Mtoto anayeokota mayai jioni achungulie pia kama kuna yai lisilo na msalaba, alitoe, kisha anawe mikono kwa sabuni.

Hatua ya 6: Pima kwa mwanga siku ya 7

Hii ndiyo jioni familia yangu huipenda kuliko zote. Subiri giza liingie. Toboa tundu dogo kuliko yai kwenye kipande cha boksi, tochi iwe chini, upande mnene wa yai ukae juu ya tundu. Ukiona nyuzi nyekundu zimetawanyika kama buibui, katikati nukta nyeusi, kuna uhai. Shika bila kutikisika, wakati mwingine nukta hiyo inacheza. Yai linalong'aa lote kama taa halikurutubishwa. Lenye duara la damu bila nyuzi, mtoto alianza akafa. Hayo mawili yatoe. Ganda la kahawia hukataa mwanga, hivyo ukiwa na shaka chora alama ya kuuliza na ulirudishe. Utapima tena siku ya 14, ambapo yai zima linakuwa jeusi, isipokuwa nafasi ya hewa upande mnene.

Fanya haraka. Yai lisikae nje ya kiota zaidi ya dakika chache, hata kama kila mtu anataka kuona tena.

Hatua ya 7: Kuanzia siku ya 18, ondoa mikono

Usipime, usigeuze, usimnyanyue koo. Weka chakula na maji karibu zaidi, basi. Ndani, kifaranga anajipanga kichwa kielekee kwenye nafasi ya hewa, anaitoboa, anavuta pumzi ya kwanza na kuanza kulia. Koo anamjibu kwa sauti ya chini ambayo hujawahi kuisikia kwake siku nyingine.

Kisha anatoboa ganda na kutulia. Hapo ndipo watu wanapoharibu. Tundu limeonekana asubuhi, mchana hakuna kinachoendelea, unaanza kufikiri amekwama. Hajakwama. Mishipa iliyogandamana na ndani ya ganda bado ina damu inayorudi mwilini, na mabaki ya kiini yanaingia tumboni. Kutoka tundu la kwanza hadi kutoka nje inaweza kuchukua siku nzima. Nilimsaidia mmoja, nikabandua ganda kwa kucha, kipande baada ya kipande. Utando ulivuja damu, akafa kiganjani, na binti yangu alikuwa amesimama pembeni.

Maganda matupu yaondoe jioni. Yaliyobaki baada ya siku ya 23 yatoe taratibu na uyafukie mbali: yai viza linaweza kupasuka, na nguo uliyovaa hutaivaa tena wiki hiyo.

Hatua ya 8: Siku za mwanzo

Usihangaike wasipokula siku ya kwanza. Kiini kilichoingia tumboni kinawatosha hadi saa 48, ndiyo maana koo anaweza kuwangoja waliochelewa. Maji weka kwenye kisahani chenye kokoto, wasizame. Chakula kiwe cha vifaranga. Cha kuku wa mayai kina chokaa nyingi inayoumiza figo zao, na koo naye anaweza kula cha vifaranga bila shida, kwa kuwa hatagi.

Wiki mbili za kwanza mfungie koo na wanawe mahali pao, palipozungushiwa wavu hata juu, kwa ajili ya kunguru na mwewe. Na zungumza mapema na daktari wa mifugo kuhusu chanjo ya kideri, ugonjwa unaoua kuku, kwa sababu kideri kikiingia hakina tiba.

Wiki ya sita hadi ya nane utamwona koo anawadonoa wanawe wakimkaribia. Watoto hukimbilia kuwatetea. Wazuie. Mtazame koo kichwani: kilemba kilichokuwa kimefifia kimeanza kuwa chekundu, anarudi kutaga.