Kutembea kando ya Mississippi barafu ikiwa imetanda

Mimi ni mtu wa Rufiji, nimekulia Ikwiriri. Kwetu mtoto akifundishwa mto anaanzishwa na mamba: usichote maji palepale ulipochota jana, kwa sababu mamba ana kumbukumbu kukuzidi. Hapa Minneapolis, Marekani, mamba hakuna. Kuna barafu, na tabia yake ni ileile, inatulia kimya ikingoja ujisahau.

Nafanya kazi ya kutunza wazee, zamu ya usiku. Natoka saa moja asubuhi, na mwishoni mwa Desemba jua huku linachomoza saa mbili kasorobo na ushee. Kabla ya kwenda kulala napita mtoni. Huu ni msimu wangu wa saba. Vijana wanaofika kutoka nyumbani huniuliza, "Kaka, unafuata nini huko kwenye baridi?" Wakishaniona sirudi na mafua, swali linabadilika: tunaendaje?

Kwanza, chagua kipande kimoja cha mto ukizoee. Mississippi una zaidi ya kilomita 3,700, hutaumaliza. Mimi naanzia Bohemian Flats, ule uwanda ulio chini ya daraja la Washington Avenue, napanda na mto hadi Stone Arch Bridge. Ni kama kilomita mbili kwenda, na njia ya waenda kwa miguu husafishwa theluji. Nenda hapohapo kila mara. Mara ya kumi ndipo utakapoona kwamba jiwe fulani jana lilikuwa nje na leo limefunikwa, au kwamba ukingo wa barafu umesogea hatua tatu kuelekea katikati. Anayebadilisha njia kila siku anaona mandhari tu.

Mahali penyewe nilipapenda kwa sababu ya historia yake. Zamani waliishi hapo wahamiaji maskini, wengi wao kutoka Slovakia na Bohemia (Ucheki ya leo), kwenye vijumba vya mbao vilivyoingiliwa na maji karibu kila majira ya kuchipua. Baadaye waliondolewa ili kupisha gati la majahazi ya mizigo. Bibi yangu alikuwa na shamba na dungu lake kule kwetu, bondeni Rufiji, naye akahamishwa mwaka 1969, serikali ilipowatoa watu bondeni baada ya mafuriko. Alikuwa akisema maji huja na kuondoka, ila ukishahamishwa ndiyo basi. Kila nikiegesha gari pale namkumbuka.

Sasa mavazi. Usidanganyike na namba za huku. Ukisikia redioni "ishirini" usifurahi, hiyo ni Fahrenheit, sawa na -7 yetu ya Selsiasi. Sifuri yao ni -18. Tena angalia namba ya pili, ile inayojumlisha upepo, maana ndiyo inayouma. Ikishuka chini ya -30 kwa vipimo vyetu, mimi nakwenda kulala moja kwa moja. Sioni ushujaa wa kupoteza sikio.

Pamba ni adui. Inanyonya jasho, jasho linapoa, na unaganda ukiwa umevaa nguo nne. Ndani vaa nguo ya kubana ya sufu au ya sintetiki, juu yake sweta, halafu koti lisilopitisha upepo. Soksi ziwe za sufu. Usivae jozi mbili hadi buti likabana, kwa sababu damu isipopita, vidole vya miguu ndivyo vya kwanza kulia. Glovu nunua zile zenye chumba kimoja cha vidole vyote na kingine cha gumba. Vidole vinapashana joto kama watoto kitandani. Na usione haya kwenda madukani kwa mtumba, upo hata huku. Koti langu nimelikuta huko, nalo ni zito kuliko mimi.

Simu iweke mfuko wa ndani, karibu na kifua. Ukiiweka nje, chaji inaweza kuisha ghafla ukiwa mbali na gari. Mwaka wa kwanza ilinitokea. Siku hiyo nilivaa jinzi na soksi za pamba, mikono mfukoni, nikiringa. Nikakanyaga mahali nilipodhani lami imelowa tu, kumbe ni barafu nyembamba isiyo na rangi. Kwa kuwa mikono ilikuwa mfukoni, nilidaka kwa kidevu.

Kwa hiyo mikono iwe nje, na utembee kama bata: hatua fupi, magoti yamelegea kidogo, unyayo mzima unashuka kwa pamoja. Madukani kuna mipira yenye minyororo au miba midogo ya kuvisha chini ya buti. Inunue.

Anza kwa kuukabili upepo. Huku upepo wa baridi hupenda kutoka kaskazini magharibi, na ndiko unakoelekea ukipanda na mto kutoka Flats. Ukirudi unakuwa mgongoni, wakati umeshachoka na nguo zina jasho. Ukifanya kinyume chake utaniapiza.

Mtoni kwenyewe usikanyage. Ziwa likiganda watu huendesha hata magari juu yake, lakini mto una mkondo, na mkondo unaila barafu kwa chini. Leo pana unene wa shubiri, hatua mbili mbele pana unene wa kioo cha dirisha. Ukiona nyayo za mbweha zimevuka, mwache avuke, uzito wake na wako si sawa. Mtu wa kwetu haruki tu ndani ya mtumbwi asioujua, na huku ndivyo hivyo.

Ukikaribia maporomoko ya St. Anthony maji hayagandi, yanakimbia mno. Mvuke unapanda, miti ya karibu inavaa weupe mpaka kwenye vitawi. Hapo simama, ondoa vitu masikioni. Vipande vya barafu vikipita vikisuguana husikika kama mtu anapepeta mchele kwenye ungo. Tazama matawi ya juu pia: tai wa kichwa cheupe hukaa hapo wakivizia samaki kwenye maji yaliyo wazi. Wanafanana na kwazi wetu kiasi kwamba mara ya kwanza nilimwamkia.

Njiani utapita chini ya daraja la barabara kuu ya 35W. La awali liliporomoka tarehe 1 Agosti 2007 na kuua watu 13; mbele kidogo zipo nguzo 13 za chuma za kuwakumbuka. Mimi husimama hapo bila kusema kitu. Sisi tuliovuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, hatupiti chini ya daraja kama vile limeota lenyewe.

Ukirudi kwenye gari, vidole vikiwa na ganzi viweke kwapani, usivimwagie maji ya moto wala kuvisugua. Kunywa chai ya tangawizi kutoka chupani. Kama ngozi imekuwa nyeupe na ngumu, na haihisi kitu hata baada ya kupata joto, nenda hospitali.

Nikishakaa ndani ya gari humpigia mama, kule Ikwiriri ni jioni. Nilimweleza mto umeganda, akauliza samaki wamekwenda wapi. Nikamwambia barafu inaelea juu, chini maji yanaendelea na safari yake, na samaki wametulia kwenye vina. Akanyamaza kidogo.

"Na mamba?"

"Hakuna, mama."

"Umeangalia vizuri?"