Kabla ya kwenda kumtafuta aguatero

Aguatero, kama Waargentina wanavyomwita, ni ndege wa tope mwenye urefu wa sentimita 20 hivi. Makazi yake ni vinamasi vya Argentina, Uruguay, Paraguay, kusini mwa Brazil na Chile ya kati. Akishtuka haruki, hujibana papo hapo majanini na rangi yake ya kahawia ikammeza. Huinuka pale tu unapokaribia kumkanyaga, akapaa chini chini kimyakimya na kutua mbele kidogo.

Ndiyo maana naanza na miguu, si darubini. Kuanzia Julai hivi hadi Februari huwa na mayai, kwa kawaida mawili, ardhini katikati ya nyasi. Miezi hiyo baki njiani, hata kama gambuti zako ni ndefu kiasi gani. Anayepekua matete kwa fimbo ili ndege aruke apige picha, heri abaki nyumbani.

Uliza hali ya maji kabla ya kukata tiketi. Anataka maji ya kina kifupi yenye kingo za tope. Ukame ukikausha bwawa au mafuriko yakifunika kingo, utarudi bure.

Ndege huyu hutoka kula machweo. Karibu na Buenos Aires jua huzama kama saa 12 jioni mwezi Julai, ambao huko ni baridi, na kama saa 2 usiku mwezi Desemba. Giza la huko haliangukii ghafla kama la Nairobi au Mwanza, kwa hiyo unapata muda mzuri wa kukaa kimya na kukagua ukingo polepole. Mbu nao wana muda huohuo, kwa hiyo vaa mikono mirefu.

Jifunze alama zake mapema: mistari ya rangi ya malai mgongoni inayounda herufi V, madoa meupe mabawani, na mdomo uliopinda chini nchani. Mdomo ukiwa mrefu na ulionyooka, huyo ni sululu wa kule. Aliyezoea ndugu yake wa Afrika Mashariki, ambaye jike ndiye mwenye rangi kali, asitegemee tofauti hiyo. Aguatero dume na jike wanakaribia kufanana.

Mwisho, vinamasi vingi vimo ndani ya mashamba ya ng'ombe. Omba ruhusa ya mwenye shamba, na kila geti ulilofungua ulifunge.